Kipande cha Ndege ya Kivita na Hati Yake

Ndege ya kivita ikistaafu, mwisho wake huwa mmoja kati ya michache. Husimamishwa juu ya nguzo getini mwa kambi, huvuliwa vipuri vya kusaidia zile zinazoruka bado, au hukatwakatwa na kutiwa tanurini. Miaka ya karibuni umeongezeka mwisho mwingine. Bati la bodi lake hukatwa vipande vidogo vya kuning'inizwa kwenye funguo, kila kipande kikaandikwa aina ya ndege, namba yake ya mkiani na namba ya kipande chenyewe, kisha kikauzwa kwa wakusanyaji wa kumbukumbu. Kampuni ya MotoArt ya California, ambayo ilianza kwa kutengeneza meza na viti kutokana na mabawa na injini zilizotupwa, ni miongoni mwa zilizoifanya biashara hii ijulikane duniani. Hesabu yake inashangaza. Alumini kwenye soko la dunia huuzwa kwa dola mbili tatu kwa kilo. Kibati chepesi kuliko kijiko cha chai huuzwa kwa makumi ya dola.

Pengo hilo kati ya bei ya metali na bei ya kumbukumbu linatoka wapi? Swali hili linawahusu watu wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuliko inavyodhaniwa. Barabara kuu inayopanda kutoka Nyakanazi, ikapita Lusahunga na Nyakahura hadi daraja la Rusumo, ni njia ya shehena za nchi tatu, na vyuma chakavu ni sehemu ya shehena hizo. Kabanga ni mlango wa Burundi. Kaskazini, katika mkoa huohuo wa Kagera, ndiko ardhi ya Tanzania ilikovamiwa na jeshi la Uganda mwishoni mwa Oktoba 1978. Wilaya hizi mbili hazikuwa uwanja wa mapigano, lakini zipo mahali ambapo metali ya vita vya Maziwa Makuu inaweza kupita ikiwa mzigo wa kilo tu. Hoja yangu ni kwamba thamani ya kipande cha ndege ya kivita imo katika ushahidi unaofuatana nacho, na ushahidi huo hupatikana mahali pamoja na kwa wakati mmoja: pale kitu kilipo, kabla msumeno haujakigusa.

Tuanze na metali yenyewe, maana wengi huamini kwamba mtaalamu akikishika kipande atajua kilikotoka. Bodi la ndege nyingi za karne ya 20 ni la duralumini, aloi iliyogunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906. Ni alumini iliyotiwa shaba nyekundu kiasi cha asilimia nne, pamoja na magnesi na manganizi kidogo. Wilm aliona kwamba mchanganyiko huo ukipashwa moto, ukapozwa ghafla, kisha ukaachwa siku kadhaa, hukomaa wenyewe na kuwa mgumu mara nyingi kuliko alumini tupu, bila kuongezeka uzito. Wamarekani wana aloi yao ya 2024, Wasovieti walikuwa na D16, na hizi mbili zinakaribiana sana. Kifaa cha miale ya eksi kitasoma mchanganyiko huo kwa sekunde chache na kukwambia kwamba hii ni aloi ya ndege. Hakitakwambia ni ndege ipi, wala kama ilibeba mabomu au abiria, kwa sababu viwanda vilevile vilitumia bati lilelile kwa zote mbili.

Kwa Kagera tatizo hili ni zito zaidi. Uganda ya Idi Amin ilirusha MiG-17 na MiG-21 zilizotoka Urusi ya Kisovieti. Tanzania nayo ilikuwa na MiG-21, pamoja na ndege za Kichina zilizoundwa kwa kufuata miundo hiyohiyo ya MiG. Basi bati lenye ribiti likiokotwa kaskazini ya mto Kagera linaweza kuwa la ndege iliyokuja kuipiga Bukoba au la ndege iliyopaa kuitetea, na metali haitatofautisha. Mihuri ya kiwandani inaweza kusaidia, kama ni ya herufi za Kirusi au za Kichina, na rangi ya msingi iliyobaki chini ya rangi ya nje inaweza kuongeza neno. Ushahidi wa aina hiyo hukufikisha kwenye nchi iliyotengeneza, ukaishia hapo. Ni nani aliyeirusha, siku gani, na ilianguka kwenye shamba la ukoo gani, hayo yanajulikana na watu na karatasi. Bati likishayeyushwa likawa sufuria, hata mihuri haipo tena.

Kuna ushahidi wa kale wa mkoa huu unaoonyesha jinsi maneno na mahali yanavyoweza kuishi muda mrefu yakiachwa pamoja. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa Buhaya wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma ulioinuliwa kuelekea mbinguni, nao wakamwonyesha pale Katuruka mti mtakatifu wa Kaiija uliohusishwa na ufuaji huo. Alipochimba alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Chuma kile kingechimbwa na kuhamishwa bila mti na bila wazee, kingekuwa taka za tanuri zisizo na jina. Upande wa Biharamulo na Geita, Warongo wa Uzinza walikuwa mafundi wa kuyeyusha mawe ya chuma, na majembe yao yaliingia katika biashara na mahari. Kwa hiyo anayesema kwamba kufua metali ya zamani kuwa kitu kipya ni desturi ya Wazungu wenye pesa za kuchezea hajaitazama Kagera. Kilichokuwapo katika jembe la Mrongo ni kwamba mnunuzi alimjua mfuaji, au alimjua anayemjua.

Sasa nije kwenye tofauti ambayo naiona ndiyo msingi wa jambo zima, nayo ni kati ya ndege iliyostaafu na ndege iliyoanguka. Ndege iliyostaafu ina kitabu cha safari zake, ina tarehe ya kufutwa, ina afisa aliyetia sahihi. Pale Tucson, Arizona, jeshi la Marekani limehifadhi maelfu ya ndege jangwani, ambako hewa kavu huchelewesha kutu na ardhi ngumu hubeba magurudumu bila sakafu ya zege. Kila ndege pale ina jalada lake. Ndege iliyoanguka mara nyingi ni kaburi. Ndiyo maana Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1986, ilikataza kugusa bila kibali mabaki ya ndege yoyote ya kijeshi iliyoanguka ikiwa kazini, hata kama imelala shambani mwa mtu binafsi. Sheria hiyo haikuuliza kama bado mna mifupa ndani. Ilichukulia kwamba mabaki ya namna hiyo si mali ya mwokotaji.

Ngara ina sababu yake ya kuielewa tofauti hii. Usiku wa Aprili 6, 1994, ndege aina ya Falcon 50 iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka mkutanoni Dar es Salaam ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Wiki tatu baadaye, katika muda wa saa 24 hivi, watu takribani 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, wenye damu mikononi na wasio na hatia wakiwa msafara mmoja, na eneo la Benaco likawa mji wa mahema. Falcon ile haikuwa ndege ya kivita, ila hakuna mabaki ya ndege katika ukanda huu yaliyobadilisha maisha ya watu wengi kuliko yake. Mabaki hayo yapo hadi leo Kanombe, kando ya bustani ya iliyokuwa nyumba ya rais, ambayo sasa ni makumbusho. Yameachwa yalipoangukia. Uamuzi huo ni sahihi kabisa. Kipande chake kikikatwa na kuuzwa kitakuwa na hati kamili, namba na tarehe, na bado hakitakuwa halali kwa dhamiri ya mtu yeyote wa Rusumo. Kwa hiyo hati peke yake haitoshi kuhalalisha biashara. Kazi yake ya kwanza ni kutuambia tunachoshika, na wakati mwingine itatuambia tusikiuze.

Wapo watakaosema kwamba kugeuza vita kuwa pambo ni kuidhalilisha. Pingamizi hili nalipa uzito, ila halithibitishwi na mifano. Nchini Msumbiji, Baraza la Kikristo chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane lilianzisha mwaka 1995 mradi wa kubadilishana silaha na zana za kilimo, na wasanii wakazipasua zile bunduki kuwa sanamu. Kiti cha enzi cha silaha alichokiunda Cristóvão Canhavato mwaka 2001 kimekaa British Museum, na hakuna anayekitazama akaiona vita kuwa mchezo. Wapiganaji wa Vietnam walichonga vitana na pete kutokana na alumini ya ndege za Marekani zilizodunguliwa. Huko Laos, nchi iliyomwagiwa zaidi ya tani milioni mbili za mabomu kati ya 1964 na 1973, kijiji cha Ban Napia husubu vijiko na bangili kutokana na masalia ya vita na kuwauzia wageni. Waliopigwa ndio wanaosimulia, na pato linabaki kwao. Udhalili huanza pale metali inapochukuliwa kwa bei ya kilo, ikaenda mbali, ikavishwa hadithi na mtu asiyehusika.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mzazi anayehitaji ada ya shule wiki hii hawezi kungoja mtafiti, na mnunuzi wa chuma chakavu analipa papo hapo. Ni kweli, na yeyote anayemlaumu mzazi huyo hajui anachosema. Lakini kuandika hakumzuii kuuza. Picha ya simu, jina la kijiji, maelezo ya mzee aliyeona, na namba zozote zilizomo kwenye bati ni kazi ya saa moja, nayo inageuza kitu cha kilo kuwa kitu cha aina yake. Wengine watasema vyote viende makumbusho. Makumbusho haina nafasi ya kila ribiti, na sheria nayo haijafika huko. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa masalia ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchonga inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940. Bati la mwaka 1978 liko nje ya uzio huo mpaka mamlaka itamke vinginevyo. Naona ingefaa itamke kuhusu mabaki ya vita vya Kagera, angalau kwamba yasitolewe mkoani kabla ya kuorodheshwa.

Kuna hatari pia, na hapa sina mzaha na mtu. Kiti cha kumrusha rubani nje ya ndege ya MiG hufanya kazi kwa baruti, na baruti ya zamani huwa haitabiriki. Baadhi ya saa na mita za ndege za kale zilipakwa rangi ya radiamu ili zing'ae gizani. Rangi hiyo imeacha kung'aa lakini haijaacha kutoa mionzi, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki kwa urahisi. Rangi ya msingi ya kijani-manjano ina kromati, ambayo ukiisugua kwa msasa bila barakoa unavuta sumu ya saratani. Vipande vya magnesi vikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Na alumini ya ndege, ikishachanganyika na rangi na metali nyingine, haifai kusubiwa sufuria ya kupikia watoto. Anayekutana na kitu chenye umbo la kombora au kiti cha rubani, chochote kile thamani yake, anapaswa kukiacha na kuwaita polisi au Jeshi la Wananchi (JWTZ).

Kinachoweza kuanza bila kungoja bajeti ni daftari katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, na mafundi wachache wa Biharamulo na Ngara waliopewa bati salama la ndege zilizofutwa rasmi na Jeshi lenyewe, lenye barua ya kufutwa, ili wakate na kuandika kwa Kiswahili. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari waliokufa katika vita ile, na wageni hufika pale. Kibati chenye namba ya ndege na barua yake kinaweza kuuzwa karibu na makaburi hayo bila aibu, na sehemu ya pato ikayatunza. Daftari ndilo la haraka zaidi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 aliposikia ndege za Amin zikipita juu ya Kagera amekwishavuka miaka 65, na katika vijiji vya kaskazini wapo bado wanaoweza kuonyesha shamba kwa kidole na kusema ndege ilitokea upande gani.