Nani mwenye nguvu kuliko wote? Kwa nini rekodi za kunyanyua vitu vizito hazilinganishiki kirahisi

Mzee anaposimulia kwamba ujanani alikuwa akijitwika gunia zima la mahindi, na kijana anayeshusha mizigo katika diko la Kashikishi, jirani na Nchelenge kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, akamjibu kwamba gunia zima hata yeye hulibeba tangu asubuhi hadi jioni, wote wawili huenda wanasema kweli. Hata hivyo hawazungumzii mzigo mmoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 gunia la mahindi lililokuwa kipimo cha kawaida nchini Zambia lilikuwa la kilo 90. La leo ni la kilo 50. Neno limebaki lile lile, mzigo umepungua karibu nusu.

Mkanganyiko wa aina hiyo huukabili mchezo wa kunyanyua vitu vizito kila mara rekodi ya wanaume wa uzani wa juu kabisa inapovunjwa.

Mnamo Desemba 2021, mjini Tashkent, Uzbekistan, Lasha Talakhadze kutoka Georgia, nchi iliyo katika eneo la Kaukasi, alinyanyua kilo 225 kwa mkupuo mmoja, kisha kilo 267 kwa hatua mbili, yaani kuufikisha mzigo mabegani kwanza na ndipo kuusukuma juu ya kichwa. Jumla ilikuwa kilo 492. Hakuna aliyewahi kufikia jumla hiyo katika minyanyuo hiyo miwili. Ieleweke kwamba kilo 492 hazikunyanyuliwa kwa pamoja. Ni jumlisho la mizigo miwili iliyonyanyuliwa kwa nyakati mbili. Lakini hizo 267 peke yake ni zaidi ya mifuko mitano ya saruji, juu ya kichwa, mikono ikiwa imenyooka.

Kiswahili, ambacho Nchelenge husikika kando ya Kibemba kutokana na wafanyabiashara na wakimbizi wanaotoka upande wa Kongo, kimetenganisha vizuri mambo ambayo mashabiki huyachanganya. Kunyanyua si kubeba, na kubeba si kujitwika. Mchukuzi hupimwa kwa umbali na kwa idadi ya safari. Mnyanyuaji hupimwa kwa sekunde chache tu, hadi waamuzi waridhike kwamba ameutuliza mzigo. Haifuati kwamba bingwa wa Olimpiki angedumu siku nzima dikoni.

Kilo 640 dhidi ya kilo 492

Anayefungua kumbukumbu za Olimpiki atakutana na jambo la kushangaza. Mwaka 1972 mjini Munich, Vasily Alekseyev wa Muungano wa Kisovieti alishinda kwa jumla ya kilo 640. Je, alikuwa na nguvu kuliko Talakhadze? La. Wakati huo minyanyuo ilikuwa mitatu. Wa tatu, kuusukuma mzigo kutoka mabegani kwa nguvu za mikono bila msaada wa miguu, ulifutwa baada ya michezo hiyo kwa sababu wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kujua lipi halali na lipi si halali. Ukiondoa kilo 235 za mnyanyuo huo, Alekseyev anabakiwa na kilo 405. Miaka minne baadaye, mjini Montreal, alifikisha 440 kwa minyanyuo miwili.

Kanuni nyingine hazionekani katika majedwali. Hadi miaka ya 1960 chuma hakikuruhusiwa kugusa mapaja kilipokuwa kikipanda; leo kugusa huko ni sehemu ya ufundi. Rekodi nazo ziliweza kuvunjwa kwa nusu kilo, na Alekseyev aliitumia vyema nafasi hiyo: kati ya 1970 na 1977 aliweka rekodi 80 za dunia. Tangu 2005 ni lazima kuongeza kilo nzima.

Kisha kuna madaraja ya uzani. Kila yanapobadilishwa, rekodi za awali huwekwa kando na hesabu huanza upya, kama ilivyotokea mwaka 1993 na 2018. Matokeo yake wakati mwingine ni kichekesho. Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, Behdad Salimi wa Iran alishangiliwa kwa rekodi ya dunia ya kilo 216 kwa mkupuo mmoja. Uzito huo huo ulikuwa umenyanyuliwa na Mbulgaria Antonio Krastev mwaka 1987. Na kilo 266 alizonyanyua Leonid Taranenko mjini Canberra mwaka 1988 hazikupitwa na yeyote hadi Talakhadze alipofika Tashkent, miaka 33 baadaye, ingawa katika orodha rasmi zilikuwa zimeshaondolewa kitambo.

Iko hesabu iliyobuniwa na Mkanada Roy Sinclair, ambayo hukadiria mtu mwembamba angenyanyua kiasi gani kama angekuwa na mwili mkubwa. Inasaidia kulinganisha wembamba na wanene wa kipindi kimoja. Kwa majitu ya uzani wa juu haiongezi lolote la maana.

Njia ninayoiona kuwa ya haki zaidi ni kumpima bingwa dhidi ya wenzake wa siku ile ile, waliotumia vyuma vile vile na kanuni zile zile. Tokyo, Talakhadze alipata 488 na mshindi wa pili 441: tofauti ya asilimia 10.7. Montreal, Alekseyev alimwacha mpinzani wake kwa kilo 35, asilimia 8.6. Mwaka 1936 mjini Berlin, Mmisri Khadr El Touni, wa uzani wa kati, alifikisha 387.5, asilimia 9.9 zaidi ya aliyemfuata, na kumzidi hata bingwa wa daraja lililokuwa juu yake. Lakini kipimo hiki nacho kina ufa. Wasovieti hawakuwapo Berlin. Na huko Paris mwaka 2024 Talakhadze huyo huyo alishinda kwa kilo tatu tu.

Medali iliyochelewa

Ufa mkubwa kuliko wote ni dawa za kusisimua misuli. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilizipiga marufuku dawa za kujenga misuli mwaka 1975 tu, na kuzipima kwa mara ya kwanza Montreal. Rekodi za zama zile zinasomwa zikiwa na kivuli hicho. Za leo pia: Talakhadze mwenyewe alifungiwa miaka miwili kuanzia 2013.

Anayeumia si mwanatakwimu. Katika Michezo ya London 2012, Madias Nzesso wa Cameroon alimaliza wa sita kati ya wanawake wa kilo 75. Sampuli zilipopimwa upya miaka kadhaa baadaye, wote watatu waliopanda jukwaani walipokonywa medali. Nzesso akapata shaba, na Abeer Abdelrahman wa Misri, aliyekuwa wa tano, akapata fedha. Jukwaa, bendera na ufadhili ambao huenda ungewafuata vilikuwa vimekwenda kwa wengine. Zambia, ambayo medali zake tatu za Olimpiki zilitokana na ndondi na riadha, haijawahi kuonja hata medali ya namna hiyo katika mchezo huu.

Juni 2025 madaraja yalibadilishwa tena. Uzani wa juu wa wanaume sasa unaanzia zaidi ya kilo 110 badala ya 109, na ndilo daraja litakaloshindaniwa Los Angeles mwaka 2028. Kilo 492 za Talakhadze zimewekwa kando, pamoja na 266 za Taranenko na 216 za Krastev.