Meli moja, masharti tofauti: Kinachoamua ni mahali pa kununulia tiketi

ABIRIA wawili huweza kulala katika vyumba vinavyokabiliana ndani ya meli moja ya kitalii, ilhali mkataba wa mmoja haulingani na wa mwenzake. Tofauti hiyo hutokana na nchi ambamo tiketi ilinunuliwa.

Nchini Uingereza, safari ya aina hiyo huhesabiwa kuwa mkusanyiko wa huduma, yaani usafiri pamoja na malazi, na hulindwa na kanuni za mwaka wa 2018. Kampuni ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 baada ya makubaliano, mteja ana haki ya kujiondoa na kurejeshewa fedha zake. Ikiifuta safari yenyewe, sharti imrudishie katika muda wa siku 14.

Marekani haina sheria ya taifa zima inayofanana na hiyo. Maandishi ya tiketi ndiyo yenye uzito. Mnamo 1991, Mahakama ya Juu iliamua kwamba abiria kutoka jimbo la Washington, aliyeumia ndani ya meli ya Carnival, alifungwa na kifungu kilichotaka kesi zisikilizwe Florida, upande wa pili wa nchi. Ni wangapi husoma maandishi hayo madogo?

Hata hivyo, Mmarekani mara nyingi hurudishiwa arbuni akighairi kabla ya tarehe ya kukamilisha malipo, ilhali Mwingereza kwa kawaida huipoteza.

Ofa nazo aghalabu hutengewa wakazi wa nchi fulani. Anayevutiwa na bei nafuu iliyotangazwa ng'ambo huenda akakataliwa pindi anapotaja anwani yake.