Mchezo Usio na Mtungaji Mmoja

Vijana wa shule wanapoanzisha chama cha michezo ya kuigiza, kwa kawaida jambo la kwanza wanalotafuta ni kitabu. Hugawana maneno yaliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, huyakariri, kisha huyasema mbele ya wazazi. Njia hiyo imefundisha wengi, wala hatuidharau. Lakini iko njia nyingine iliyo wazi kwa chama kipya kisicho na fedha wala vitabu, nayo ni kutunga mchezo wao wenyewe kwa pamoja. Ili kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na tuuchukue mfano wa vijana wa Sindo, mji ulioko kando ya Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay.

Wako wadhanio kwamba kutunga pamoja maana yake ni watu kumi kukaa mezani na kalamu moja. Sivyo. Wakianza kwa kuandika watagombania sentensi ya kwanza mpaka jua litue. Kazi huanza kwa kusikiliza. Kila mmoja aenda kwao, auliza, arudi na habari moja. Wajaluo wa zamani walikuwa na siwindhe, yaani nyumba ya bibi ambamo watoto walikusanyika usiku kusikia hadithi, na hapo msikilizaji naye aliruhusiwa kusimulia. Kwa hiyo jambo hili si geni hata kidogo katika nchi hiyo.

Tuseme mmoja arudi na hadithi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, ambayo mahali pake ni Nyandiwa, huko Gwassi. Nyamgondho alikuwa mvuvi maskini. Siku moja wavu wake ulimtoa mwanamke ziwani, akamchukua nyumbani, na tangu hapo ng'ombe wake wakaongezeka mno. Utajiri ukampa kiburi na ulevi, hata akamtukana yule mwanamke. Mwanamke akaondoka kurudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki ufuoni akiegemea fimbo yake, na husimuliwa kwamba aligeuka mti.

Mwingine aleta habari ya leo, nayo ni nzito zaidi. Katika fuo za ziwa hilo iko desturi iitwayo jaboya, ambayo mvuvi humpa mwanamke mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye. Desturi hiyo imeeneza ugonjwa wa UKIMWI na kuvunja nyumba nyingi. Sasa tazama shida ya vijana wetu. Watazamaji wao ndio wavuvi na wachuuzi wenyewe; pengine baba wa mwigizaji mmoja ana mashua, na mama wa mwingine huuza omena sokoni. Wakilitaja jambo waziwazi, kila mtu atageuza shingo kutafuta ni nani asemwaye. Wakilinyamazia, mchezo wao utakuwa wa kuchekesha tu.

Hapa ndipo hadithi ya kale inapofaa. Nyamgondho hana jamaa wa kuaibika, naye alipata mali kwa mwanamke, kisha akamdharau. Vijana waweza kumvika nguo za mvuvi wa siku hizi, wakaziacha habari za majirani bila kuzigusa. Kanuni moja lakini isivunjwe: kisa cha mtu aliye hai kisiletwe jukwaani bila idhini yake, hata jina likibadilishwa, kwa maana katika mji mdogo jina si kificho.

Baada ya kusikiliza huja kujaribu. Wawili wasimame, mmoja awe mvuvi na mmoja mchuuzi, wabishane juu ya bei bila maneno ya kukariri, huku mwenzao akiandika yale yaliyo hai. Kesho wabadilishane, msichana awe mvuvi. Maneno mengi yatatupwa, na hapo ndipo penye ugomvi, kwa kuwa kila mtu hupenda maneno yake. Yafaa kumchagua mapema mmoja ambaye neno lake juu ya kukata ndilo la mwisho. Umoja usio na mkataji huzaa mchezo wa saa tatu.

Kisha maneno yapelekwe kwa wazee kabla ya siku ya kuonyeshwa. Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lakini waliusoma mbele ya wanakijiji, nao wakausahihisha: wakaeleza mzee husemaje, kijana husemaje, na mwanamke asiyejua kusoma akafundisha nyimbo za arusi neno kwa neno. Mazoezi yalifanywa hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kutoa shauri. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba serikali ikaufuta ruhusa yake, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lao la wazi likabomolewa. Maneno yaliyopitia vinywa vya watu wengi yalikuwa na nguvu ya kuwatisha wakubwa, jambo ambalo mchezo wa kukariri kitabuni hulifanya mara chache.

Juu ya lugha tusiseme mengi. Nyumbani Sindo husemwa Kijaluo, hata na Wasuba walio wengi. Basi mazoezi ya kwanza yawe katika lugha hiyo, na Kiswahili kije baadaye ikiwa mchezo utasafiri.

Limebaki swali la karatasi ya kwanza: jina la nani liandikwe? Mwaka 1982 mchezo wa Harakati za Ukombozi ulitolewa Tanzania ukiwa na majina matatu ya watungaji, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Huko Sindo majina yaweza kufika ishirini, pamoja na bibi aliyetoa hadithi, akikubali. Ukurasa mmoja usipotosha, waongeze wa pili.