Kambare kwenye tangi la kioo sebuleni: atageukia wapi?

Juzi kijana mmoja kanitumia picha ya tangi lake la kioo, lita 100 hivi: ndani vifaranga sita vya kambare na sato watano wadogo. Anauliza mbona sato wamebaki wawili. Jamani, si wameliwa! Kambare anameza chochote kinachoingia mdomoni, hata kambare mwenzake aliyedumaa.

Ila sato siyo tatizo kubwa. Kambare akilishwa vizuri anaweza kufika kilo moja ndani ya miezi sita hadi minane, na akiachwa miaka anapita mita moja. Tangi lenyewe lina sentimita 80.

Utasikia "kambare hafi ovyo, anavuta hewa juu ya maji". Ni kweli, lakini maji machafu bado yanamtesa. Mla nyama anachafua haraka. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Ya bomba yakae siku nzima kwenye ndoo wazi klorini itoke. Na funika tangi kwa wavu uliobanwa, usiku wanaruka, asubuhi unamkuta chini ya kochi.

Nimemshauri awahamishie nje mapema, kwenye simtanki la lita 1,000, wakikua awale. Asiwamwage mtoni tu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, furu wengi wa asili wakapotea.

Kanijibu kuhamisha sawa, ila kuwala ndiyo kazi: watoto wameshawapa majina.