Nchi ya Karagwe na Watu Wake

Nchi ya Karagwe iko magharibi ya Ziwa Nyanza, nao mto Kagera waitenga na Rwanda na Uganda. Tangu mwaka 2012 upande wa kaskazini ni wilaya ya Kyerwa, penye madini ya bati.

Zamani ulikuwa ufalme wa Wahinda, na makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Mwaka 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea Speke na Grant kwa ukarimu. Grant, kwa kuugua mguu, akabaki kwake miezi kadhaa. Katika hazina ya mfalme mlikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kazi ya kustaajabisha.

Chakula chao ni ndizi, na mali yao ng'ombe na kahawa. Buni mbichi huchemshwa pamoja na majani ya manukato, hukaushwa, ndipo mgeni hupewa atafune.

Wenyeji ni Wanyambo. Walimu wengi huwaita Wahaya, maana lugha zafanana. Kosa hili si dogo: mtoto aambiwaye kwamba asema Kihaya kibovu hunyamaza darasani. Nami nilipata kumsahihisha mmoja, kumbe alinena Kinyambo safi.