Tosta ya Bei Poa Isiyorusha Mtu: Vitu za Kuangalia Kabla Utoe Doh

Mwaka jana nilibeba tosta tao kwa 1,100. Ilikuwa inang'aa kuliko kitu yoyote kwa keja yangu, na jamaa wa duka aliniapia ati hiyo ndiyo orijino. Nikamwamini juu nilikuwa nataka kumwamini.

Wiki ya tatu brathe yangu mdogo akaja kulala kwangu. Asubuhi slaisi ikakwama ndani, moshi ikaanza. Liva ilikuwa imesharuka juu, basi yeye akaona mashine imezima. Akachukua kisu cha kupaka siagi, akachokora. Stima ilimrusha mpaka akaangukia sufuria. Tulikimbia hosi akaangaliwa, wakasema ako sawa, lakini mkono ulishinda umekufa ganzi. Kabla hata nifikirie nitamwambia mathe nini, nilikuwa najiuliza swali moja: kitu imezima inarushaje mtu?

Nilipopata jibu ndio nikajua nilinunua tosta kwa kuangalia rangi. Wewe usirudie hiyo makosa.

Venye hiyo mashine inafanya

Ndani ya tosta kuna waya nyembamba ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, imezungushwa kwa vipande bapa vya maika. Ukishusha liva, unaunganisha stima, hiyo waya inawaka nyekundu na mkate unaiva. Liva inashikwa chini na sumaku ya stima. Taima ikifika, sumaku inaachilia, springi inarusha mkate juu. Charles Strite wa Marekani ndiye alipewa hataza ya tosta ya kurusha mkate yenyewe mwaka wa 1921, na hadi leo wazo ni lile lile.

Kwa hivyo vitu zenye unalipia ni waya, taima, sumaku, springi na plagi. Hizo zingine ni urembo.

Plagi ndiyo ya kwanza, hata kabla ya bei

Tosta yangu ilikuja na plagi ya pini mbili. Soketi zetu ni za pini tatu, na zile tundu za chini zinafunguka tu pini ya juu ikiingia. Sisi wote tunajua venye hufanywa: unachomeka biro kwa tundu ya juu, unasukuma pini mbili, maisha yanaendelea.

Shida ziko mbili. Kwanza, hiyo pini ya juu ni ya athi. Kama bodi ya tosta ni chuma na waya ya ndani iguse bodi, athi ndiyo inabeba stima kuipeleka ardhini na kufanya fyuzi ikatike. Bila athi, njia ya stima inakuwa wewe.

Pili, plagi ya pini mbili inaingia upande wowote. Tosta zingine za bei ya chini zinakata waya moja tu ukizima. Ukichomeka kinyume, inakata ile isiyo na moto, na ile ya moto inabaki imefika mpaka kwa nikromu. Hakuna mwanga mwekundu, liva iko juu, lakini volti 240 ziko pale zinangoja kisu. Hivyo ndivyo brathe alirushwa.

Basi ukifika kwa duka, geuza tosta uangalie plagi kabla uulize bei. Tafuta pini tatu zimekuja nayo, na fyuzi ndani. Kama bodi ni ya chuma na ile pini ya juu ni ya plastiki, irudishe kwa shelfu. Pini ya plastiki ni ya vifaa vyenye insulesheni mara mbili, na hivyo huwa na alama ya mraba ndani ya mraba. Angalia pia kama imeandikwa volti 220 hadi 240, na kama iko na stika ya KEBS.

Usitoke dukani bila kuiwasha

Mwambie muuzaji aichomeke. Akikataa, toka. Luthuli peke yake iko na maduka mob, hujafungiwa hapo.

Bila stima, liva ya tosta nyingi haikai chini juu sumaku haina nguvu. Usishtuke, na pia usikubali "iko sawa, jaribu tu hivyo." Ikishawaka, cheki hizi:

1. Kila upande unawaka. Chungulia kwa kila tundu. Kama ni ya slaisi mbili, kuna kuta nne za kuwaka. Ukuta mmoja ukiwa mweusi, utakula mkate umeiva upande mmoja maisha yako yote.

2. Inaruka yenyewe. Weka namba ya chini kabisa, ngoja. Ikiruka, rudia na namba ya juu kidogo, uone kama inakaa zaidi. Hizo namba ni kiwango cha kuiva, usizichukue kama dakika.

3. Kitufe cha kukatiza. Bonyeza katikati ya safari. Lazima izime na irushe papo hapo.

4. Liva inapanda juu zaidi. Tosta poa inakuachia uinue liva kupita pale inasimama, ndio slaisi ndogo itoke bila kuchokorwa. Kama ningekuwa na hiyo, kile kisu hakingehitajika.

5. Treya ya makombo. Iko chini, inavutwa nje. Makombo yakijaa karibu na waya nyekundu yanashika moto. Kama hakuna treya, utakuwa unaipindua juu ya sinki kila wiki.

6. Mkate wako unaingia. Hapa wasee wananichekanga, lakini mimi hubeba slaisi moja kwa karatasi. Mkate wa duka unaingia kwa tosta mob. Ule unakata mwenyewe kwa kisu unataka tundu pana, na ndio huo hukwama.

Harufu kidogo na moshi mwepesi mara ya kwanza ni kawaida, ni mafuta ya kiwandani yanaungua. Harufu ya plastiki inayoyeyuka si kawaida.

Inakula stima ngapi?

Hii ndiyo uoga ya watu wa tokeni, na mara mob haina msingi. Tosta ya slaisi mbili huwa kama wati 700 hadi 900. Chukua 800, iwashe dakika tatu: umetumia uniti 0.04. Tuseme uniti moja inakutoka 30 bob, hiyo ni shilingi moja na senti 20. Kila asubuhi, mwezi mzima, 36 bob. Landilodi akikupigia kelele juu ya stima, mfanyie hiyo hesabu.

Lakini kuna venye itakuletea noma: ekstensheni. Tosta ya wati 800 inavuta kama ampea 3.3. Birika ya wati 2,000 inavuta kama 8.3. Ukiziweka pamoja kwa ekstensheni moja ya waya nyembamba, umefika karibu 12, na hiyo waya inaanza kupata joto chini ya kapeti yako. Chomeka tosta kwa ukuta, chemsha chai kwanza, halafu uchome mkate.

Sasa, doh

Bei hubadilika, lakini ukiwa na kati ya 2,000 na 3,500 utapata tosta mpya ya slaisi mbili yenye imepita huo mtihani. Majina kama Ramtons, Mika na Von yako kwa maduka mengi, na hiyo inasaidia ukitaka kurudisha. Chini ya hapo si lazima iwe mbaya, ila ipime mara mbili.

Usilipie slaisi nne kama unaishi peke yako. Usilipie skrini ya namba. Kitufe cha kuyeyusha barafu ni cha watu wenye wanaweka mkate kwa friza, na wewe mkate wako haumalizi siku mbili. Ukiongeza 500, iende kwa waranti ya mwaka mmoja na risiti yenye jina la duka. Mimi sikuwa na risiti. Niliporudi, yule jamaa alikuwa ananiangalia kama mtu amepotea njia.

Za mtumba kutoka Uingereza zinaweza kuwa bahati, juu plagi na volti zao zinafanana na zetu. Pitisha ule mtihani, na ukague waya yote kwa vidole kabla ichomekwe. Lakini ile ya anti amekuletea kutoka Marekani, iache kwa boksi. Imetengenezewa volti 120. Ukiipa 240, volti zimeongezeka mara mbili, na joto linajaribu kupanda mara nne. Itawaka vizuri sana, mara moja.

Na kabla ya yote, jiulize kama unataka tosta kweli. Wengi wakisema tosta wanamaanisha ile ya kufunga sandwichi, ya kubana mayai na jibini katikati. Hiyo ni mashine tofauti. Na kama unakula mkate mara mbili kwa wiki, pani kavu kwa moto mdogo, dakika mbili kila upande, inamaliza kazi bila kutoa hata bob.

Ukishaibeba nyumbani

Mkate ukikwama, zima kwa ukuta, toa plagi, ngoja ipoe, halafu pindua. Kama lazima kitu iingie, iwe kijiti cha mbao na plagi uione kwa macho yako iko nje. Usiiweke chini ya pazia ama kabati. Usiiwashe uende kuoga.

Mimi siku hizi niko na ya 2,800, rangi nyeupe, haing'ai kabisa. Brathe akija huikalia mbali mpaka nimtolee mkate mwenyewe. Kabla aguse slaisi, anaangalia plagi kama iko nje. Hiyo ya kuangalia plagi nimemwachia, ni tabia poa.