Harufu ya Mti na Udongo: Tunacholipia Tunaponunua Manukato ya "Asili"

Miongoni mwa manukato yanayouzwa nchini yamo yale yasiyonukia ua wala tunda, bali hunukia mti, mizizi, magome na udongo uliolowa mvua. Aghalabu sanduku lake huwa na picha ya msitu au mlima, jina lililotolewa katika hadithi za miungu na mizimu ya kale, na maneno yasemayo kwamba yanafaa kwa wanaume na wanawake. Mkazi wa Rungwe hahitaji kufundishwa harufu hiyo. Wilaya hii ni mojawapo ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, na harufu ya udongo uliolowa huipata mlangoni pake bila malipo. Anachohitaji kujua ni kile anacholipia pindi harufu hiyo inapouzwa ndani ya chupa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kutenganisha hadithi ya sandukuni na bidhaa yenyewe, ili mlaji asipoteze fedha wala afya yake.

Harufu hiyo hutoka wapi

Harufu ya udongo baada ya mvua hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jiosmini, ambayo hutengenezwa na bakteria waishio ardhini. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni kidogo mno. Huko Kannauj, nchini India, mafundi wa uturi huchemsha vipande vya udongo uliochomwa, wakakusanya mvuke wake ndani ya mafuta ya msandali. Viwanda vingi, hata hivyo, hutumia kemikali zilizotengenezwa maabara, au mafuta ya mizizi ya vetiva, yaani nyasi zile zile zinazopandwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Majani ya pachuli hutoa harufu nzito ya ardhini, na miti ya jamii ya mwerezi hutoa harufu kavu ya mbao.

Kwa hiyo, neno "msandali" au "mwerezi" likiandikwa kwenye sanduku, mara nyingi hueleza harufu tu, wala halithibitishi kwamba mti huo umo ndani. Hilo peke yake si udanganyifu. Udanganyifu huanza pale muuzaji anapodai kuwa chupa ina mafuta halisi ya mti fulani, akapandisha bei kwa sababu hiyo, ilhali ndani mna harufu ya maabara.

Msandali wa kwetu

Dai la mafuta halisi ya msandali linahitaji uangalifu wa pekee. Msandali wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, huhifadhi mafuta yake katika moyo wa shina na katika mizizi. Ndiyo maana wavunaji haramu huung'oa mti mzima, na huupendelea mti jike kwa kuwa una mafuta zaidi. Mti jike ndio uzaao matunda, hivyo kuung'oa ni kuangamiza na mbegu za kesho. Tangu mwaka 2013 msandali unaoota Tanzania na katika nchi jirani kadhaa umo katika Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali.

Mlaji akiuziwa kwa bei ndogo mafuta yanayosemwa kuwa ni msandali halisi wa msituni, basi huenda yamechanganywa, au mti wake umeibwa. Tahadhari hiyo hiyo inahusu magome na mizizi inayosemwa kuwa imetoka Mlima Rungwe. Msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndio unaousimamia.

Cha asili si lazima kiwe salama

Wako wanaoamini kwamba kitu kilichotoka msituni hakiwezi kudhuru ngozi. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kuwa sivyo. Kwa miaka mingi manukato ya harufu ya msitu yalitiwa dondoo la kuvumwani iotayo kwenye magome ya mialoni ya Ulaya. Ni kitu cha asili kabisa. Hata hivyo, ilibainika kwamba dondoo hilo lina kemikali mbili, atranoli na kloroatranoli, zinazosababisha mzio wa ngozi kwa watu wengi, na Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku katika vipodozi. Kuanzia Agosti 2021 bidhaa zenye kemikali hizo hazikuruhusiwa tena kuwepo katika maduka yake. Jina la kuvumwani hiyo kwenye orodha ya viambato ni Evernia prunastri. Mengine ambayo mwenye mzio anapaswa kuyatafuta ni Linalool, Limonene na Coumarin.

Tunashauri mlaji apake tone moja upande wa ndani wa mkono na kusubiri siku mbili kabla ya kuanza kutumia manukato mapya. Akiona wekundu, vipele au muwasho, aache kuyatumia, na hali ikiendelea amwone mtoa huduma wa afya. Mtoto mchanga asipakwe manukato.

Zaidi ya hayo, manukato mengi ya kupuliza yana pombe ambayo huwaka upesi. Katika miezi ya baridi kali, Juni hadi Agosti, kaya nyingi za Tukuyu huota moto wa jiko la mkaa. Manukato yasipulizwe karibu na jiko, mshumaa wala kibatari.

Jina la mzimu na ahadi zake

Watengenezaji wa manukato wamekuwa wakiazima majina ya miungu ya Wagiriki na ya mataifa mengine tangu zamani. Rungwe nayo ina hazina yake. Wanyakyusa walimheshimu Lwembe, ambaye msitu wake wa matambiko ulikuwa Lubaga, na Ziwa Ngosi lina simulizi zake ambazo wazee huwarithisha vijana. Si kosa mfanyabiashara kuipa bidhaa yake jina lenye historia. Jina zuri ni pambo, na mlaji ana hiari ya kulipia pambo.

Lakini jina haliongezi nguvu yoyote katika kimiminika kilichomo. Muuzaji anaposema kwamba manukato yake huleta mvuto, huondoa nuksi, hurejesha mchumba au huponya maradhi, ametoka katika kuuza harufu na kuingia katika kuuza ahadi asiyoweza kuithibitisha. Mara nyingi wanaolipa gharama ya ahadi hizo ni watu walio katika shida, na fedha hiyo ingewafaa kwa jambo jingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa.

Ya kiume, ya kike, au ya wote

Maneno "kwa wanaume na wanawake" yasimfanye mlaji aongeze bei. Hakuna kiambato kinachogawa harufu kwa jinsia. Mgawanyo huo ni uamuzi wa biashara. Katika pwani yetu na Oman, udi umefukizwa katika mavazi ya wanaume na ya wanawake tangu kale. Viwanda vya Magharibi vilizoea kuweka rafu mbili, hata manukato ya CK One yalipotolewa mwaka 1994 kwa ajili ya jinsia zote yalionekana kuwa jambo jipya. Mlaji anuse kwanza, achague kinachompendeza, na asilipe zaidi kwa sababu ya rangi ya sanduku.

Bei na nguvu ya harufu

Ukubwa wa chupa hautoshi kupima bei. Kwa kawaida, chupa iliyoandikwa Eau de Toilette ina kati ya asilimia 5 na 15 ya mafuta ya harufu, na iliyoandikwa Eau de Parfum ina kati ya asilimia 15 na 20. Sehemu kubwa iliyobaki ni pombe na maji. Tuchukulie chupa ya mililita 100 yenye asilimia 10, inayouzwa shilingi 60,000. Ndani yake mna mililita 10 za harufu, yaani shilingi 6,000 kwa kila mililita. Chupa ya mililita 30 yenye asilimia 20, inayouzwa shilingi 24,000, ina mililita 6 za harufu, sawa na shilingi 4,000 kwa kila mililita. Chupa ndogo ndiyo nafuu.

Aidha, harufu ya dakika za mwanzo siyo itakayobaki. Harufu nyepesi hutoweka mapema, na zile za miti na mizizi hujitokeza baadaye na kudumu kwa saa kadhaa. Mlaji apulize kidogo mkononi, azunguke sokoni, kisha arudi kuamua.

Kabla ya kulipa

1. Soma jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, ujazo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.
2. Kagua kifuniko na karatasi ya nje. Chupa iliyofunguliwa huenda imejazwa upya.
3. Ukinunua manukato ya kupima, omba kuiona chupa kubwa yanakotolewa pamoja na maandishi yake.
4. Uliza kama bidhaa imesajiliwa. Tangu mwaka 2019 usajili wa vipodozi, yakiwemo manukato, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Swali hili lina uzito zaidi katika mji kama Tukuyu, ulio kwenye barabara iendayo mpaka wa Kasumulu, ambako bidhaa hupita kwa njia nyingi.
5. Dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na sanduku.

Ukidhurika au ukidanganywa

Usiitupe chupa, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Mrudie muuzaji kwanza ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, peleka malalamiko ya ubora na usalama TBS, ambayo ina ofisi ya kanda mjini Mbeya, na malalamiko ya bidhaa bandia au maelezo ya uongo kwenye Tume ya Ushindani (FCC). Taja duka, tarehe, bei na maneno uliyoambiwa. Lalamiko la mlaji mmoja linaweza kuiondoa sokoni chupa ambayo ingewadhuru wengi.